TAHADHARI: Konsentreti ya embe ya mapipa, Vingunguti. Jamani, msinunue kwa huyu mtu

Ndugu zangu wasindikaji wa juisi, nimekaa na jambo hili siku tisa nikiona aibu kulisema. Jana nimesikia kuna mwenzetu wa Morogoro anajiandaa kwenda kwa mtu huyohuyo, nikasema basi, aibu yangu na ijulikane kuliko na yeye alizwe.

Jina siliandiki kwa sababu nimeshafungua RB polisi na nimeambiwa nisiharibu kesi. Ni mtu mzima, mpole wa maneno, ana godauni upande wa Vingunguti. Anajitambulisha kuwa mwagizaji wa konsentreti, yaani rojo zito lililopunguzwa maji, ya embe aina ya Totapuri kutoka Chittoor, India. Mapipa ya bati ya buluu, kilo 228 kila moja, ndani kuna mfuko wa aseptiki, ule uliosafishwa vijidudu na kuzibwa hewa isiingie. Aliyeniunganisha naye mnamjua, na simlaumu. Yeye alichukua nanasi pale mwaka jana na mzigo ulikuwa safi.

Najua mtaniuliza embe ya India ya nini wakati embe za Mkuranga zinaoza chini ya miti. Za Mkuranga ni Novemba mpaka Januari hivi. Mimi nilikuwa na oda ya juisi za shule ya Mei, chumba cha baridi sina, na nisingethubutu tena kukusanya rojo la mtu mmojammoja. Konsentreti nzuri unaiongeza maji, unapasha moto, unajaza chupa. Ndivyo nilivyofanya miaka miwili bila tatizo, kwa muuzaji mwingine ambaye safari hii alikuwa ameishiwa.

Sikununua gizani. Nilikwenda mwenyewe, saa nne asubuhi, na rifraktomita yangu, kile kipimo cha sukari, mkononi. Godauni lilikuwa na mapipa kama thelathini, yamepangwa vizuri juu ya mbao, sakafu imefagiwa. Akaniambia, "Dada angu, mimi sikuchagulii. Pita, nionyeshe pipa lolote, tufungue." Nikapita mpaka safu ya nyuma kabisa, nikagusa moja lililokuwa kwenye kona. Vijana wake wakalitoa, wakafungua bangili ya chuma, wakatoa kifuniko cha mfuko. Harufu ilipanda, embe mbivu ya kweli. Nikachota kwa kijiko changu, siyo chake. Nikaonja. Nikapaka tone kwenye kioo, nikageukia mlangoni kwenye mwanga, nikaona mstari wa buluu na mweupe umekaa kwenye 28. Nikafuta kioo, nikarudia. 28 tena, kama inavyotakiwa kwa Totapuri nzito.

Sasa mtaniambia kwa nini nisifungue mapipa matatu, manne. Mnajua wenyewe, mfuko wa aseptiki ukishafunguliwa hewa imeingia, pipa hilo ni la kutumiwa siku hizohizo. Ukilifungua umelinunua. Na hapo ndipo alipokuwa ameweka mtego wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipa chaki, akasema, "Litie alama pipa lako, lisije likapotea." Nikachora msalaba mkubwa. Hilo moja tu!

Nikalipia mapipa 12, laki saba na themanini kila pipa, jumla 9,360,000. Karibu nusu ya hizo ni za kikundi. Nikiwa bado na fuso ya kukodi nje, akasema mwenye funguo za ule mlango mkubwa amefiwa, mzigo ataniletea kesho kwa gari lake, bure. Nilishukuru. Nilimwambia Mungu akubariki, mzee wangu. Nikikumbuka maneno hayo nashindwa kula.

Gari lilikuja saa tatu usiku, mvua inanyesha, umeme umekatika mtaa mzima. Nikamulika kwa simu. Pipa la kwanza kabisa pale mlangoni mwa gari ni lile lenye msalaba wangu. Moyo ukatulia. Nikahesabu kumi na mbili, nikasaini, wakaondoka.

Pipa la msalaba tulilitumia kwanza, juisi ikatoka nzuri. La pili tukalifungua Jumatatu. Nikapima: 28. Kijana wangu wa kuchanganya akaniambia, "Mama, hii mbona inateleza kama uji, haina nyama ya embe." Nikamjibu kipimo kimesema, aendelee. Alikuwa sahihi, na nimeshamwomba radhi mbele ya wenzake.

Siku ya tatu chupa zikaanza kujigawa. Juu maji ya njano, chini utando mweupe. Kreti 146 nimezirudisha kutoka madukani kwa gari langu mwenyewe, nikiomba msamaha duka kwa duka. Shule walipiga simu kabla sijawafikia.

Rifraktomita haijui embe. Inasoma kila kilichoyeyuka, na karibu chote ni sukari, iwe ya tunda au ya kiroba. Ukichemsha maji na sukari ukafika 28, itakuandikia 28. Nilikuwa nalijua hilo! Nilinunua iodini duka la dawa, nikadondosha kwenye kile kilichokuwa ndani ya pipa la pili: ikageuka buluu nyeusi kama wino. Wanga. Nikadondosha kwenye masalio ya pipa la msalaba, ikabaki na rangi yake ya kahawia. Nikafungua la tatu na la nne kwa hasira tu. Wino. Mtu amepika uji wa sukari na wanga, akatia rangi na harufu, akaufunga kwenye mapipa ya Chittoor. Rangi gani, hatujui. Na vile vinywaji vilikuwa vinakwenda kwa watoto wa darasa la pili!

Huyu asiachiwe. Nataka Tume ya Ushindani, TBS na TRA waingie godauni lile siku moja, wafungue kila pipa, wataifishe, alipe kila shilingi ya kila mtu, kisha afungwe. Asije akatolewa kwa faini halafu akahamia Tegeta na jina jipya. Mtu anayewauzia watoto rangi ya kujipikia hafai kuonekana sokoni tena maisha yake yote.

Dalili nilizoziona baadaye ni hizi. Bei, wengine hawashuki chini ya laki tisa. Risiti ya EFD hakutoa, alisema mashine imekwama, atanitumia picha, mpaka leo. Lebo za mapipa kumi na moja gundi ilikuwa bado mbichi, na tarehe ya kutengenezwa imeandikwa Desemba, wakati Totapuri ya kule inasindikwa kuanzia Mei mpaka Agosti hivi. Cheti cha maabara kilikuwa kopi ya kopi, namba yake ya toleo haifanani na ya pipa lolote. Na kukataa gari langu. Andikeni namba za mapipa yote, siyo moja, na mzigo msiuache ulale kwake.

Simu yake sasa haipatikani, ila jirani yake anasema godauni bado linafunguliwa usiku. Aliyenunua kwake mwaka huu anitafute, twende kituoni pamoja, mpelelezi amesema walalamikaji wakiwa wengi faili linakwenda haraka. Mapipa yote yako uani kwangu chini ya turubai, na nimeambiwa nisimwage hata tone.