Kabla hujanunua sufuria ya stenlesi, igeuze kwanza

Wiki ya tatu sasa nasugua pete nyeusi kwenye sufuria mpya. Katikati kunang'aa vizuri tu, ila pembeni, kitako kinapokutana na ukuta, kuna duara la maziwa yaliyoungua ambalo hata nikiloweka na siki halitoki. Nikaigeuza. Kumbe kile kisahani kinene walichobandika chini ni kidogo kuliko kitako, kimeacha upana wa kidole kuzunguka, na moto wa gesi ndo unapiga hapohapo kwenye stenlesi tupu.

Na stenlesi tupu haijui kusambaza joto. Shaba inapitisha kama 400 (wati kwa mita kwa kelvini, we linganisha tu namba), alumini safi kama 237, chuma cha kusubu hamsini hivi, stenlesi 15! Joto likiingia mahali linaganda hapo linaunguza, na vidole viwili pembeni bado vuguvugu. Ndo maana wanaificha alumini ndani yake, iwe kwenye kile kisahani cha chini au katikati ya ukuta.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni ile ambayo alumini imepanda na ukuta wote, na hapa sifichi mapenzi, sufuria ya chapa ya All-Clad, aina ya D3, stenlesi alumini stenlesi kuanzia kitako mpaka mdomo. Mbili, ya kisahani, ila kisahani kifike mwisho wa kitako, kisipofika rudisha. Tatu shaba. Najua kwa joto ndo malkia, lakini zile zilizopakwa bati ndani, bati linayeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, yaani usahau kikaango kitupu motoni mara moja tu, na shaba tupu kwenye jiko la induksheni (lile la umeme linalopasha chombo chenyewe kwa sumaku) haipati moto. Chuma cha kusubu kinatunza joto, hakisambazi, watu wanachanganya sana hapo. Alumini tupu ya bei rahisi inasambaza vizuri, inabonyea, vitu vichachu vinaila, basi.

Sasa wauzaji. Boksi limeandikwa TABAKA TANO, ukichunguza tano zenyewe ziko chini tu, ukuta ni stenlesi nyembamba peke yake, na bei wameweka ya tano kila mahali! Nilimuuliza aliyeniuzia kama alumini inapanda mpaka juu, akaigonga kwa kucha, eti "sikia ilivyo nzito". Uzito unasikika kwa kucha? Siku hizi naenda na rula, napima kitako napima kisahani, wanaonitolea macho watoe tu.