Ukishapita miaka 40, fundi wa kuchomelea, anza na kioo hiki

Lilikuwa geti la jirani. Nilivua kofia, nikagonga magamba kwa nyundo, nikakuta mshono mzuri kabisa umelala nusu sentimita kando ya maungio. Nikadhani kioo changu ni cheusi mno, nikanunua chepesi. Wapi! Shida haikuwa giza. Jicho lililopita miaka 40 hupoteza uwezo wa kuona vizuri vitu vya karibu, na kazi yetu yote iko karibu.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni lenzi ya kukuza inayochomekwa ndani ya kofia, nyuma ya kioo cheusi. Ni ya bei ndogo kuliko kofia mpya. Saizi ya kawaida ni milimita 51 kwa 108, lakini hakikisha kofia yako ina nafasi ya kuichomeka. Nguvu zake zinahesabika kama za miwani ya kusomea: +1.00, +1.50, +2.00. Nenda dukani na futi yako, ishike pale mkono wako unapofanyia kazi, uchague lenzi yenye nguvu ndogo kabisa inayokuonyesha milimita bila kukodoa. Ikizidi nguvu, utalazimika kuinamia moto.

Namba mbili ni kofia inayojitia giza yenyewe, hasa kama mkono unahama unapofunika uso. Tafuta yenye sensa nne, yaani vijicho vinavyohisi mwanga wa moto, kwa sababu bomba unalochomelea linaweza kuziba mbili. Kabla ya kuwasha moto, kioo chenye giza namba 3 kinaonyesha maungio vizuri kuliko cha namba 4. Kwenye kioo utaona pia tarakimu kama 1/1/1/2: kadiri zinavyokaribia 1, ndivyo picha inavyokuwa safi.

Miwani ya kusomea chini ya kofia naiweka ya tatu. Inafaa, ila hupata ukungu wa jasho, na ile yenye sehemu mbili, juu ya kuonea mbali na chini ya karibu, hukulazimisha kuinua kidevu siku nzima.

Namba ya giza usiishushe ili uone. Kwa rodi chini ya ampea 160, anza na 10 au 11. Ukipanda hadi 250, weka 12. Miwani ya kuchomelea kwa gesi ya namba 5 haifai kabisa kwa kuchomelea kwa umeme, na ya jua ndiyo usiitaje. Macho yakiungua huanza kuuma saa kadhaa baadaye, usiku, kama yamejaa mchanga.

Badilisha pia kioo cheupe cha mbele kikishachubuliwa na cheche, na uweke taa inayomulika kazi kutoka ubavuni. Ukiendelea kuona ukungu hata ukivua kofia, huenda ni mtoto wa jicho: nenda kliniki ya macho kabla ya kununua chochote.