Nilimpeleka mama wa Matema kuona samaki Cape Town

Mama yangu ameishi na samaki miaka 67. Amezaliwa Matema, kando ya Ziwa Nyasa, ameolewa Matema, na ameuza dagaa wa Nyasa na mbasa mpaka magoti yalipomkatalia. Lakini samaki anawajua wakishatoka majini: ndani ya mtumbwi, kwenye kichanja, kwenye beseni. Julai mwaka jana tulikwenda Cape Town kumwona mdogo wangu, mkewe alikuwa amejifungua, na nikaapa kwamba haturudi kabla mama hajaingia Two Oceans Aquarium, jumba la kuonyeshea samaki hai. Wana Mbeya wengi siku hizi wana ndugu Afrika Kusini, na nimeshaulizwa mara kadhaa kama pale panastahili hela. Panastahili, tena sana.

Safari yenyewe ni ndefu: Songwe, Dar, Johannesburg, Cape Town. Wengine huenda kwa basi kupitia Tunduma, ila kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu siwezi kuwashauri.

Akwariamu iko bandarini, eneo la V&A Waterfront, na imefunguliwa tangu 1995. Jina lake maana yake ni bahari mbili, yaani Atlantiki na Bahari ya Hindi. Mdogo wangu alishakata tiketi mtandaoni, tukaingia asubuhi mapema kabla watoto wa likizo hawajajaa. Mvua ilikuwa inanyesha na baridi ilikuwa ya Uyole kabisa, basi ndani palitufaa.

Kilichotushika ni msitu wa mwani. Mwani tuliozoea kuusikia Zanzibar ni ule mfupi wa kuanikwa. Huu wa Cape una mashina kama mabomba, unapanda kutoka chini hadi juu ya maji, ndani ya tangi la lita 800,000 lisilo na paa, jua na mawingu vinaingia moja kwa moja. Kuna mtambo unaosukuma maji yaje na kurudi kama mawimbi, kwa sababu mwani huu hupata chakula chake kutoka kwenye maji yanayopita kwenye majani; yakisimama, nao hudhoofika. Kwa hiyo msitu mzima unayumba taratibu, na samaki wanayumba nao.

Mama alikaa mbele ya kioo kile karibu saa nzima. Sikumharakisha. Mwishowe akaniambia, "Mwanangu, kumbe samaki huwa anatulia hivi. Mimi nimemwona akihangaika tu."

Tangi kubwa kuliko yote lina lita milioni 1.6. Nilimpigia mama hesabu ya simtanki za lita 1,000: ni simtanki 1,600. Ndani yake kuna njia ya kioo yenye urefu wa mita 10, unatembea na maji yako juu yako. Taa mmoja, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, akapita juu yetu, tumbo jeupe, mdomo uko chini. Mama akainua kiganja kichwani kama anayepitiwa na mwewe, akasema "Kyala!", yaani Mungu kwa Kinyakyusa, kwa sauti, watu wakageuka. Papa wapo, tena wakubwa wenye meno ya nje, lakini yeye hawakumvutia kama taa.

Jambo jingine ni kasa. Kasa wadogo huanguliwa kwenye fukwe za KwaZulu-Natal, Mkondo wa Agulhas huwachukua kuelekea kusini, na wale wanaoangukia kwenye maji ya baridi hutupwa ufukweni wamelegea. Wengine wamemeza plastiki. Hapa hutibiwa, kisha hurudishwa kwenye maji ya uvuguvugu. Kasa mmoja, Yoshi, alikaa hapa miaka 20, akaachiliwa Desemba 2017 akiwa na kifaa cha kumfuatilia, akaogelea zaidi ya kilomita 37,000 hadi Australia. Nilipomaliza kumtafsiria habari hiyo mama alinyamaza, kisha akauliza kama alifika salama.

Pengwini nao. Wale wa Afrika tangu 2024 wamewekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, na sababu mojawapo kubwa ni upungufu wa samaki wadogo wanaowala, jamii ya dagaa. Hapo sikuwa na haja ya kueleza. Mama anajua nyumba inavyokuwa msimu dagaa wakikosekana.

Chumba cha yavuyavu, wale viumbe laini kama utelezi wanaoelea baharini, ni kizuri kwa picha, tulipita tu. Kwenye bwawa la kugusa kuna viti vya pweza, wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, wapelekeni watoto.

Tengeni saa tatu, nne mkiwa na mzee. Maelezo ukutani ni ya Kiingereza, kwa hiyo mmoja wenu ajiandae kutafsiri. Na mpatane nauli ya teksi kabla ya kupanda, sisi wakati wa kurudi tulitozwa karibu mara mbili.

Kinachoniuma ni kwamba ziwa letu lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na wale wa rangi wa miambani wanafugwa kwenye matangi ya kioo Ulaya na Marekani, ilhali mtoto wa Tukuyu hana mahali pa kuwaona wakiogelea. Natamani Kyela pangekuwa na tangi hata moja la kioo.

Mama hajasubiri. Amemwagiza mdogo wangu miwani minne ya kuogelea, na wajukuu wanashinda kwenye miamba ya Matema wakichungulia chini ya maji. Wakitoka, yeye ndiye wa kwanza kuwauliza wamewaona wakifanya nini.