Uzoefu wangu: inveta ya fezi moja kwenye mashine ya kukereza chuma

Mashine yangu ya kukereza chuma ina mota ya fezi tatu ya kilowati 1.5, ilhali karakana yangu ya nyumbani ina umeme wa fezi moja tu, volti 230. Mwanzoni niliiendesha kwa kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme na hapa kikiiga fezi inayokosekana: ilizunguka, lakini iliunguruma, ikapata joto upesi, na kisu kilipozama kidogo tu ndani ya chuma ikazidiwa na kusimama. Mwaka jana nilinunua inveta, kifaa cha kielektroniki kinachopokea fezi moja na kutoa fezi tatu, na sina hamu tena ya kurudi kwenye kapasita.

Jambo la kuelewa kabla ya kuunga waya wowote ni kwamba inveta ya aina hii haipandishi volti. Ukiipa 230, nayo inatoa 230 kati ya fezi na fezi. Kibati cha mota yangu kimeandikwa 230/400, maana yake kwa volti 230 koili zake ziungwe kwa delta (kila koili kati ya fezi mbili), nazo zilikuwa zimeungwa kwa sta (ncha moja ya kila koili ikikutana na za wenzake), muungo wa volti 400. Sikukisoma, na kwa siku mbili nikailaumu inveta bure, kwa kuwa mota ilibaki na takriban theluthi moja ya nguvu yake ya kuzungusha. Nilipofungua kisanduku cha waya cha mota nilikuta vipande vya shaba vimelala, vimeunganisha ncha tatu za safu moja. Nikavisimamisha wima, kila kimoja kikiunganisha ncha ya juu na ya chini yake, na mota ikaanza kukata chuma bila kusita.

Sasa mota inaanza taratibu kwa sekunde tano, na taa za nyumba hazififii tena. Kasi naibadilisha kwa kitufe kinachobadilisha masafa ya umeme (Hz), ila chini ya Hz 25, yaani nusu ya masafa ya kawaida ya Hz 50, siikatishi chuma kwa muda mrefu, kwa sababu feni ya mota nayo hupunguza mwendo na joto hupanda. Swichi ya zamani niliihamishia kwenye waya za amri, zile zinazoiambia inveta ianze au isimame, maana kukata umeme kati ya inveta na mota inayozunguka kunaweza kuiua inveta.

Ninachokilalamikia ni feni ya inveta, ambayo huvuta hewa kupitia matundu yaliyo wazi, hatari kubwa penye vumbi la chuma. Inveta nimeifungia ndani ya kabati lenye kichujio, nami huisafisha kila mwezi, baada ya kuzima na kusubiri dakika kumi ili kapasita za ndani ziishiwe na umeme.