Masada ya John Zorn: jazi ya Kiyahudi iliyomuwekesha ami kikombe chini

Haya wapenzi wa muziki, nimekaa na albamu tatu wiki mbili hizi na nataka kuziongelea, ila kusema kweli moja ndo ilonikamata, nyengine ntazipitia tu.

Hiyo moja ni Alef, ya John Zorn na kundi lake la Masada, ya mwaka 1994. Zorn ni Myahudi wa New York, anapiga saksafoni, wenziwe ni Dave Douglas kwenye tarumbeta, Greg Cohen kwenye besi na Joey Baron kwenye dramu. Basi, watu wanne, hamna piano hamna gitaa, mpango ule ule wa Ornette Coleman, mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani, zamani. Mie nilijiandaa kwa makelele mana huyu bwana kwa makelele anasifika, nikaiweka kwenye spika pale barazani Mkunazini, Mji Mkongwe Zanzibar, kwa sauti ndogo nisije nkatukanwa. Ami yangu, anapiga fidla kwenye taarab miaka mingi, alikuwa anakunywa kahawa yake, akaweka kikombe chini. "Hiyo si hijazi hiyo?" Yaani ule mpangilio wa sauti wa Kiarabu tunaoutumia kwenye taarab. Nkamwambia ami, hawa Mayahudi. Akanambia, "Mie sikukuuliza dini yao, nimekuuliza hijazi au si hijazi."

Na kweli hijazi jamani! Wao wanaiita Ahava Raba lakini ni kitu kile kile, sauti ya pili inakaa karibu mno na ya kwanza halafu unaruka mruko mkubwa kwenda ya tatu, ule mruko wenye majonzi ambao sie tumeuzoea kwenye kanuni na udi tangu watoto. Saksafoni na tarumbeta zinaanza pamoja, safi, ungedhani bashrafu, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia taarab, unatulia unasema sasa ataingia muimbaji... haingii. Hamna shairi, hamna pa kutunza. Badala yake zinaachana, zinakimbizana kama paka wawili juu ya bati usiku, halafu ghafla zinarudi pamoja kama hakijatokea kitu. Mie hapo ndo napapenda. Ami hapo ndo alipoondoka, kasema anawahi alasiri na wakati alasiri bado kabisa.

Angalizo, msiskize kwa iyafoni za elfu tatu. Mie nilinunua dukani, muuzaji kaapa besi inapiga mpaka kifuani, Greg Cohen wa watu sikumsikia hata kidogo, nyumbani zikafa upande mmoja. Hiyo pesa nshaisamehe.

Kwa mtu wa taarab basi aanzie albamu ya pili, Bar Kokhba ya huyo huyo Zorn, 1996, CD mbili, imetoka kwa Tzadik ambayo ni kampuni ya Zorn mwenyewe. Nyimbo zinatoka kwenye daftari lile lile la nyimbo Zorn alizotungia Masada, kaandika zaidi ya 200, ila humu kuna fidla, klarineti na piano, mambo ya taratibu, paka hawapo sana. Ami kaiskiza yote, kaniomba nimuekee kwenye simu. Alef naipa 8, hii 9.

Ya tatu ni Promises ya Floating Points, mtu wa muziki wa kielektroniki, na mpiga saksafoni Pharoah Sanders pamoja na okestra ya London Symphony Orchestra, 2021. Hii si ya Kiyahudi, ni ya utulivu. Kipande kifupi kile kile kinajirudia dakika 46 na mzee Pharoah, miaka 80 wakati inatoka, anapumua juu yake pole pole. Umeme ulikatika nkaiskiza gizani na feni imezima, nzuri kweli. Mchana na honda nje usijaribu.

Nilisahau kusema, albamu kumi za studio za Masada zina majina ya herufi za Kiebrania. Nilikuwa namsomea ami: Alef, Beit, Gimel, Dalet, kabla sijamaliza kaniingilia, "abjadi!", ule mpangilio wa zamani wa herufi za Kiarabu, abjadi, hawazi, huti, kalamani, unaofatana na wa Kiebrania. Nkaendelea Hei, Vav, Zayin, "hawazi!" Het, Tet, Yod, "huti!" anacheka mwenyewe. Sasa kila akiniona ananiuliza kalamani itatoka lini.