Bunduki ya .243 kwa kulungu wadogo: uzoefu wangu wa misimu miwili

Mjomba wangu ni askari wa wanyamapori mstaafu, na miaka yake yote kazini alibeba G3, bunduki ya kijeshi. Kwa hiyo tulipokuwa kwake Lanet, nje kidogo ya Nakuru, tukisubiri mbuzi aive, nikamwambia kwamba Uskoti niliwinda kulungu kwa bunduki ambayo risasi yake ni nyembamba kuliko penseli, aliangua kicheko. "Hiyo ni ya kufukuza ndege kwa ngano, kijana." Nikaona bora niyaandike yote, maana hata marafiki zangu wameniuliza swali lilelile: kwa kulungu mdogo, kaliba gani inatosha, yaani risasi ya upana gani? (Namba kama .243 ni upana huo kwa inchi.)

Kabla ya yote, hapa Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo mtu asisome haya akaanza kuutazama msitu wa Mau kwa jicho lingine. Mimi nilikwenda kupanda miti kusini mwa Uskoti, karibu na mpaka wa Uingereza yenyewe (England), misimu miwili ya baridi. Kule mbwa mwitu waliisha karne nyingi zilizopita, na kulungu wamebaki bila wa kuwapunguza. Wanakula ncha za miche. Mche ukikatwa ncha unaota vichwa viwili vitatu, na mbao yake inakosa bei. Ndiyo maana kila shamba la miti lina mtu wa kuwapunguza kulungu, na mgeni asiye na leseni anaweza kuazimwa bunduki, kwa masharti, huyo mtu akiwa ubavuni mwake.

Mnyama mwenyewe anaitwa roe. Dume mzima ni kama kilo 25, begani sentimita 60 hadi 75. Mfikirie swala tomi, kwa ukubwa huyu si mbali naye, ila roe ana manyoya mazito na pembe zake huanguka kila mwaka zikaota upya. Sehemu ya kulenga, pale penye moyo na mapafu, haizidi kisosi cha chai sana.

Siku ya kwanza nilipewa .308, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kabatini. Hiyo ni karibu pacha wa risasi za G3 ya mjomba. Mzee aliyetusimamia alikuwa na sharti moja: ukitaka kwenda naye porini, weka risasi tatu ndani ya duara la sentimita 10, umbali wa mita 100. Ya kwanza iliingia. Ya pili ilikwenda chini kushoto. Ya tatu sijui ilikokwenda, karatasi haikuwa na tundu la tatu. Mzee hakusema kitu. Aliichukua bunduki, akanipa mgongo, akavuta bolti, akanirudishia. Nikalala kifudifudi, nikashusha pumzi, nikabonyeza. Tik. Hamkuwa na risasi ndani. Lakini mtutu ulikuwa umeinama kama mtu anayesinzia kanisani, na bega langu lilikuwa limeruka mbele kulipokea teke ambalo halikuja.

Hapo nikaelewa kwamba shida haikuwa macho wala darubini. Nilikuwa naiogopa bunduki. Na ukiiogopa, hata ingekuwa na nguvu ya kuangusha nyati, utamjeruhi mnyama wa kilo 20 akafie vichakani.

Wiki iliyofuata mzee alinitolea .223. Jamani, raha! Haina teke la kutajwa, na risasi zake tatu nilizifunika kwa kifuniko cha chupa. Sheria ya Uskoti inaikubali kwa roe: risasi isipungue greini 50, yaani kama gramu 3.2, kasi isipungue futi 2,450 kwa sekunde, na nguvu isipungue futi-pauni 1,000 (kipimo cha nguvu ya risasi inapotoka mtutuni). .223 inapita bila taabu. Jike wangu wa kwanza nilimpata kwa hiyo, mita 90, asubuhi ya barafu mwezi wa Novemba.

Kwa nini basi sikubaki nayo? Jike wa pili nilimpiga vizuri tu, lakini alikimbia kama mita 60 akaingia ndani ya misonobari iliyosongamana, na tundu lilikuwa dogo mno kuacha damu ya kufuata. Mbwa wa mzee ndiye aliyempata. Bila yule mbwa ningelala na dhambi. Halafu upepo: risasi nyepesi ile ukiipiga kuvuka uwazi wa bonde, inasukumwa. Na kuna jambo la mpaka. Ukivuka tu kuingia Uingereza, .223 ni haramu kwa roe. Kule wanataka upana usiopungua .240 ya inchi na nguvu ya futi-pauni 1,700, isipokuwa kwa wale wadogo zaidi kama muntjac, ambao .223 inaruhusiwa. Yaani mnyama yuleyule, kilima kilekile, ukivuka ua umevunja sheria.

.243 inaupita huo mstari kwa elfu tatu ya inchi, kama mtu anayeingia lango la shule kengele ikilia.

Mjomba hakuelewa inakuwaje risasi nyembamba iwe na nguvu hivyo. Nilichukua chupa mbili mezani, ya soda na ya tomato sosi yenye shingo ndefu. Nikamwambia, ganda la .243, lile linalobeba baruti, ni lile la .308, limebanwa tu shingo ili lishike risasi ndogo. Baruti ni karibu ileile, mzigo ni mwepesi, kwa hiyo inakimbia. Kampuni ya Winchester iliitoa mwaka 1955, na bado haijachakaa. Ya greini 100 inatoka kwa kasi ya karibu futi 2,960 kwa sekunde. Teke lake, kwa bega langu, ni kama nusu ya lile la .308. Siku ya kwanza nayo nilizunguka nikitafuta kosa, nikakosa.

Kosa lilikuja baadaye, na lilikuwa langu. Niliona kasha la risasi za greini 58, nikafikiri: nyepesi, teke dogo zaidi, na kisheria kule Uskoti zinafaa. Mzee alinitazama, akaniacha. Roe alijitokeza mita 40 tu, nikampiga begani. Alianguka palepale, nami nikajiona bingwa hadi tulipomchuna. Risasi ile imetengenezwa kwa wanyama kama mbweha, inapasuka ikigusa tu. Bega lote lilikuwa damu iliyovia, vipande vya mfupa vimetapakaa ndani kama mchanga kwenye mboga, na uharibifu ulifika mbavu za upande wa pili. Mnunuzi wa nyama alimkataa. Mzee alinipa kisu, akaniambia nikate mwenyewe kila kilichoharibika, nikipime. Karibu robo ya mnyama ilikwenda kwa mbwa.

Tangu hapo nilitumia greini 100, nikilenga nyuma ya bega na si begani. Tundu la kuingilia dogo, la kutokea kama shilingi ishirini, damu ya kutosha kufuata, nyama salama. Msimu wa pili tulihamia risasi za shaba tupu, za greini 80, kwa sababu risasi za risasi (samahani, lugha yetu imeibana hapo: ile metali) huacha chembe za sumu kwenye nyama. Shaba haivunjiki, lakini ni nyepesi kuliko ile metali, kwa hiyo risasi ya urefu uleule ina uzito mdogo. Ndiyo sababu mwaka 2023 Uskoti walipunguza kima cha chini kwa kulungu wakubwa kutoka greini 100 hadi 80, na wenye .243 wakapumua.

Kulungu mwekundu sijampiga kwa .243. Wapo wanaofanya hivyo, lakini dume lile ni kubwa, na hapo mimi ningesikiliza wakubwa.

Mjomba alikuwa amenyamaza muda wote, akiizungusha chupa ya sosi. Nyama ikaletwa, kachumbari ikafuata. Akakata kipande cha kwanza, akakiweka upande wangu wa sinia.

"Hiyo G3," akasema, akichungulia kama shangazi hayuko karibu, "siku za shabaha nilikuwa nakunja taulo naliweka begani, ndani ya shati."