TAHADHARI: Dawa ya zambarau ya kuondoa vumbi la breki kwenye rimu

Ndugu wenye magari, hasa wenye rimu za aloi hapa Dar es Salaam, ninaomba msome tahadhari hii kabla ya kumtumia fedha muuzaji anayetangaza kwa video fupi dawa ya kuondoa vumbi la breki, kwa sababu kinachoonekana kwenye video sicho kinacholetwa na bodaboda mlangoni. Kazi yangu ni kukarabati na kupaka rangi rimu, na miezi ya karibuni nimepokea wateja kadhaa ambao rimu zao zina mabaka meupe na vanishi iliyobabuka, kila mmoja akiwa na chupa ya aina ileile: nusu lita, stika iliyochapwa kwa kompyuta, bendera ya Ujerumani, na hakuna jina la kiwanda, orodha ya viambato wala namba ya toleo.

Video yenyewe si ya uongo, na hapo ndipo ujanja ulipo. Inaonyesha mtu akipulizia dawa isiyo na rangi juu ya rimu iliyochafuka, kisha baada ya dakika chache michirizi ya zambarau inaanza kutiririka. Bidhaa za namna hiyo zipo na hufanya kazi vizuri. Kiambato chake kikuu ni chumvi ya thioglaikoleti, ambayo hushikana na chembe za chuma na kuzigeuza kuwa kitu cha zambarau kinachoyeyuka kwenye maji. Muuzaji huyu amechukua picha za bidhaa ya watu wengine ili auze kitu tofauti kabisa.

Inafaa kueleweka kwa nini watu wanaitafuta dawa hiyo kwanza. Vumbi la breki si vumbi la barabarani. Kila unapokanyaga breki, pedi huibana diski, ambayo kwa kawaida ni chuma cha kusubu, na vyote viwili husagika kidogo kidogo. Chembe za chuma hutoka zikiwa za moto, hujichomeka katika vanishi ya rimu, ile ambayo mafundi wa rangi huiita klia, kisha hupata kutu humohumo. Ndiyo maana rimu inabaki na vidoti vya kahawia hata baada ya kuoshwa kwa sabuni. Rimu za mbele huchafuka zaidi kwa kuwa breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa wakati uzito wa gari unapoelemea mbele, na magari mengi ya Ulaya, kama BMW na Volkswagen, husumbua zaidi kwa sababu ya aina ya pedi zinazofungwa kiwandani. (Ikiwa gurudumu moja tu ndilo linalochafuka kupita wenzake, acha habari ya dawa na umpelekee fundi akague kalipa, yaani kifaa kinachozisukuma pedi ziibane diski, kwa maana huenda imekwama.)

Sasa nirudi kwenye chupa. Kimiminika kilichomo kinafika kikiwa tayari ni zambarau iliyokolea, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu shaka, kwani rangi hiyo inatakiwa itokee pale dawa inapokutana na chuma. Nilikitia kwenye msumari wenye kutu na hakikubadilika chochote. Nilikidondoshea juu ya ganda la yai, kikatoa povu mara moja, na juu ya kipande cha karatasi ya aluminiamu, ile ya kufungia chakula, kikachemka na kupata joto. Ganda la yai linaonyesha kwamba ni asidi, na karatasi ile ni metali ileile ambayo rimu yako imetengenezwa nayo. Hata harufu inatofautiana: thioglaikoleti ina harufu ya dawa ya kalikiti, ambayo kweli hutumia kiambato hichohicho, ilhali chupa hii inakereketa pua kama dawa za kusugulia vigae vya chooni.

Asidi hiyo inaondoa vumbi, tena haraka, na ndiyo sababu ukurasa wa muuzaji umejaa sifa za wateja walioandika siku ileile waliyoitumia. Madhara huja baadaye. Asidi hupenya penye mikwaruzo na palipochubuliwa na kokoto, hula aluminiamu chini ya vanishi, na baada ya muda vanishi inaanza kuinuka pembezoni mwa nati na kwenye kingo za rimu. Ikifika hapo hakuna kung'arisha tena; rimu inabanduliwa rangi yote, inasuguliwa na kupakwa upya, na gharama yake ni mara nyingi ya shilingi 35,000 alizotoa mtu kununua chupa.

Rimu hata hivyo ni mali tu. Kinachonifanya niandike ni bidhaa ya pili anayouza pamoja na ile ya kwanza, kopo la kupulizia analoliita kinga, ambalo anaelekeza lipulizwe moja kwa moja kwenye diski ili vumbi lisitoke tena. Mteja mmoja aliniletea kopo hilo, na nilipolipulizia kwenye kioo liliacha utando wa mafuta usiotoka kwa maji. Breki husimamisha gari kwa msuguano. Diski iliyopakwa mafuta haina msuguano wa kutosha, na pedi ikishanyonya mafuta haisafishiki kwa uhakika, bali hubadilishwa. Hakuna dawa ya kupulizia diski inayozuia vumbi huku ikiacha breki salama. Anayetaka vumbi lipungue anafunga pedi za seramiki zinazolingana na gari lake, basi.

Wateja waliolalamika wamejibiwa kwamba rimu zao ni feki, kisha namba zao zikazuiwa. Ukurasa umeshabadilisha jina, lakini video na stika ni zilezile. Malipo huombwa kabla ya mzigo kutoka, na muuzaji hakubali mtu afike dukani.

Kwa aliyekwisha kutumia dawa hiyo, suuza rimu kwa maji mengi, kisha uzioshe kwa maji yenye magadi ya kupikia na uzisuuze tena. Kama umepulizia ile kinga kwenye diski, usiendeshe gari. Mwite fundi asafishe diski kwa dawa maalumu ya breki na abadilishe pedi. Ikiwa kimiminika kimekugusa ngozi au macho, osha kwa maji yanayotiririka kwa muda mrefu na uende hospitali ukiwa na chupa yenyewe, kwa kuwa baadhi ya asidi za kusafishia rimu hupenya ngozi bila kuuma sana mwanzoni, na daktari lazima aelezwe kwamba chupa haina maelezo ya viambato. Vijana wa kuosha magari ndio walio hatarini zaidi, maana wanaishika bila glavu.

Chupa usiitupe. Ihifadhi pamoja na ujumbe wa malipo na picha za tangazo, kwa sababu biashara ya kemikali za viwandani na majumbani nchini inasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2003, na malalamiko yenye kielelezo mkononi ni rahisi kufuatiliwa kuliko maneno matupu. Malalamiko ya bidhaa bandia hupokelewa pia na Tume ya Ushindani, na suala la fedha zilizochukuliwa kwa udanganyifu lifungulie taarifa kituo cha polisi kilicho karibu nawe.